Nzuri, Isipokuwa Miguu

Kama unayasoma haya ukiwa kwenye foleni ya kliniki ya saratani, jambo la kwanza nitakalokuambia ni usikae karibu na mlango. Ule mlango hufunguka wenyewe kila anapopita mtu, na hapa Toronto, kuanzia Novemba, ukifunguka huingia mtu mmoja na upepo wa watu kumi. Mimi nilikaa hapo mwezi mzima kwa sababu nilidhani viti vya ndani ni vya wagonjwa. Mume wangu ndiye aliyenikumbusha kwamba na mimi nilikuwa mgonjwa.

Mambo ya seli na majina ya dawa utaelezwa na wenye kazi yao. Mimi sina elimu hiyo na sitajifanya ninayo. Nitakueleza yaliyonipata mimi, Mama Neema, mzaliwa wa Tukuyu, mkazi wa ghorofa ya kumi na moja Thorncliffe Park, ambaye ugonjwa wake uligunduliwa na Mjerumani aliyekuwa anataka watu watembee msituni.

Mjerumani mwenyewe ni shemeji yangu, Jürgen. Alikuja Tukuyu miaka mingi iliyopita kutengeneza mabomba ya maji ya hospitali ya misheni, akayatengeneza vizuri, kisha akaondoka na mdogo wangu Atupele. Wanaishi kaskazini mwa Ujerumani, sehemu za Mecklenburg, ambako ukitoka ziwani unaingia msituni, na ukitoka msituni unakuta ziwa lingine. Humo katikati kuna njia za miguu. Si njia za kwenda sokoni wala kisimani, ni za kutembea tu. Watu wazima wenye magari yao huamka Jumapili, huvaa mabuti, hushika fimbo mbili mbili, huzunguka ziwa zima, kisha hurudi palepale walipoanzia na kusema imekuwa siku njema.

Shemeji ni mmoja wa wanaojitolea kuzitunza njia hizo. Kila baridi ikiisha hupita na kopo la rangi na brashi akipaka alama kwenye miti, mstari wa njano juu ya weupe, ili mtu asipotee. Niliwahi kumuuliza mtu atapoteaje wakati haendi kokote. Alinijibu kwa Kiswahili chake cha kitabuni kwamba swali hilo halijawahi kuletwa kwenye kikao chao.

Kwetu Rungwe tuna ziwa Ngosi, juu kabisa mlimani, lakini nilipokuwa mtoto sikuona mtu mzima aliyepanda kule kwa kujifurahisha. Ulipanda ukiwa na shida zako, na ukishuka ulikuta kuni hazijakatwa. Kwa hiyo Atupele aliponiomba niende Oktoba tukaizunguke njia ya ziwa lao, siku nzima, sisi wawili, nilicheka. Kisha akaniambia nihesabu mara tulizoonana tangu aolewe. Alipofariki baba, alipofariki mama, na alipofariki kaka yetu mkubwa. Zote msibani, zote tukiwa tumefunga kanga kiunoni tunapikia waombolezaji.

"Mara moja tu, dada," alisema, "tuonane pasipo jeneza."

Nikakubali papo hapo. Hilo ndilo nililolitaka, na ndilo lililonisumbua mwaka mzima uliofuata kuliko hata saratani yenyewe.

Shemeji alituma maagizo. Ukubwa wa mabuti, aina ya soksi, na mazoezi ya kuanza Aprili. Nyuma ya maghorofa yetu kuna bonde la mto Don, na chini kule kuna njia nzuri kati ya miti. Nikaanza kushuka Jumamosi. Kushuka hakukuwa na neno. Kupanda ndiko kulikonitoa roho. Nilisimama kila baada ya hatua chache nikijifanya natazama ndege. Bibi mmoja wa Kizungu mwenye mbwa mzee kuliko yeye alinipita, akafika juu, akageuka, akanipita tena akishuka, na mimi bado natazama ndege.

Jumapili nikampigia Atupele nikamsimulia kama kichekesho, naye akacheka vizuri. Shemeji, aliyekuwa nyuma yake anakata mkate, hakucheka. Aliniuliza kama mwaka uliopita ningeweza kupanda pale. Nikamwambia mwaka uliopita lifti iliharibika nikapandisha gunia la mchele kwa ngazi, na bado nikapika. Akasema basi huo si uvivu, nenda ukapime damu. Alisema hivyohivyo, bila samahani, bila "labda". Nikaenda ili anyamaze.

Damu ilikutwa ndogo. Daktari wa familia akaniuliza inakwenda wapi. Nikamwambia mimi nilidhani ipo. Wakanipeleka kwenye kipimo cha kamera, kile ambacho siku moja kabla unakunywa madawa ya kusafisha tumbo. Juu ya siku hiyo nitakushauri jambo moja tu: kama nyumba ina choo kimoja, mpeleke mume kwa ndugu zake. Wangu alikataa kuondoka, akasema hawezi kuniacha peke yangu siku ngumu. Kufikia saa kumi jioni alikuwa anaomba hifadhi kwa jirani Mpakistani wa mlango wa pili.

Wakaona uvimbe kwenye utumbo mpana. Niliogopa. Watu wa kanisani husema "nilipata amani ya ajabu", na huenda wao waliipata. Mimi nilikaa kwenye gari la binti yangu na neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Nitamwambia nini Atu?" Neema alinijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliokulia huku, kwamba kwa mara moja katika maisha yangu ningeweza kujifikiria mwenyewe. Kisha akanifunga mkanda wa gari kama nilivyomfunga yeye alipokuwa mdogo.

Julai wakanipasua. Oktoba, mwezi niliotakiwa kuwa msituni, nikaanza dawa ya dripu, ile wanayoiita kemo, dozi kumi na mbili, moja kila baada ya wiki mbili. Unakaa kwenye kiti kikubwa nusu siku, halafu unarudi nyumbani na chupa ndogo iliyofungwa kiunoni inayoendelea kukutilia dawa taratibu kwa siku mbili. Nililala nayo, nilipika nayo, nilikwenda nayo kanisani, na mama mmoja Mkongomani aliyeketi nyuma yangu akaninong'oneza kwamba mfuko wangu wa pesa unaonekana, niufunike.

Ila hakuna aliyeniandaa kwa habari ya baridi. Dawa ile ina kisirani chake. Siku kadhaa baada ya kila dozi, kitu chochote cha baridi kinakuchoma kama pini. Ukishika kijiko cha chuma, vidole vinapigwa shoti. Ukinywa maji ya bomba, koo linafunga kama mtu amelishika. Sasa dawa ya namna hiyo mtu anapewa Oktoba, Kanada. Nilitoka hospitali nimefungwa skafu mpaka puani, glovu juu ya glovu, na bado kufika kwenye gari nilikuwa nalia machozi, na machozi nayo yakipoa yananichoma.

Nyumbani friji likawa adui. Neema alitundika glovu za sufu kwenye mpini wake, lakini mimi nilikoma kabisa kulisogelea, na hivyo mume wangu, Baba Neema, mtu wa kiwanda cha mikate, baba wa watu, akaanza kufungua friji. Ndoa ya miaka ishirini na sita. Siku ya kwanza alisimama mbele yake mlango wazi akaniuliza vitunguu vinaishi wapi. Nikamwambia vitunguu haviishi kwenye friji. Akanitazama kwa mashaka kama vile nilikuwa nimemficha jambo hilo makusudi.

Alipika supu. Sitaki kumsema vibaya mtu aliyenipikia supu miezi sita. Nitasema tu kwamba ilikuwa moja, ile ile, ya ndizi na kuku, na kwamba dawa ilikuwa imeniondolea ladha mdomoni, na kwamba Mungu hupanga mambo kwa hekima.

Katika hayo yote Atupele alinipigia kila Jumapili wakirudi kutoka kwenye njia zao. Ndivyo nilivyouzunguka mkoa ule wote nikiwa kwenye kochi na chupa kiunoni. Dozi ya pili, majani yalikuwa yameanguka na korongo wamekusanyika mashambani kwa maelfu, wanapiga kelele kabla ya kuhama. Dozi ya nne, njia ya kaskazini imejaa matope. Dozi ya sita, ziwa limeshika barafu pembeni, na shemeji ameweka bango mahali mti ulipoanguka. Nilimuuliza bango limeandikwa nini. "Njia imefungwa," alisema. Nikamuuliza na nini tena. Akasema hakuna tena. Hakuna "mpendwa mtembeaji", hakuna "tunasikitika". Nilimhurumia mtembeaji.

Wageni walikuja. Mila yetu unaijua, mgonjwa hajuliwi hali kwa simu. Walikuja kina mama wa kanisa na mahotipoti, wakajaa sebuleni, wakaniuliza habari nikawajibu nzuri, wakaimba, wakala kile walicholeta kwa sababu mimi sikuweza. Mmoja aliniambia nimependeza nilivyopungua. Nilimpenda sana kwa hilo, na mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana nina hakika nawe unalifanya.

Kila dozi, kabla ya dripu, muuguzi alikuwa ananiuliza ninajisikiaje. Wangu alikuwa Bi. Yvonne, Mjamaika wa mtaa wa Mount Dennis, mwanamke mpana mwenye sauti ya kwaya. Aliketi, akafungua kompyuta yake, akauliza. Nami nikamjibu, "Nzuri." Akamgeukia Baba Neema, na mambo nyumbani? Baba Neema akajibu, "Nzuri, tunamshukuru Mungu." Bi. Yvonne akaandika. Kisha sisi wawili tukangoja.

Tulikuwa tunangoja sehemu inayofuata. Wewe na mimi tumelelewa kwamba habari ni nzuri kwanza. Baba yetu mdogo alipokuja kutupa taarifa ya kifo cha bibi, alikaribishwa kiti, akaulizwa habari za huko, akasema nzuri. Za mvua? Nzuri. Mahindi? Yamesimama. Watoto? Wazima. Akanywa chai. Ndipo akasema nzuri, isipokuwa mama ametuacha usiku wa kuamkia leo. Angeanza na kifo mlangoni, tungemwona amerukwa na akili. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimekaa pale na "isipokuwa" yangu tayari, nikisubiri kuulizwa za nyumbani, za kazi, za baridi, ili niifikie kwa adabu. Lakini Bi. Yvonne alikuwa ameshasimama anatundika dripu. Dozi baada ya dozi. Huku kwenye kompyuta nimeandikwa nzuri, nzuri, nzuri, na mume wangu pia nzuri.

Na miguu ilikuwa inaondoka. Ilianza kama ganzi ya kukalia mguu vibaya, ikaja na baridi ya dawa, na mwanzoni iliondoka nayo. Baada ya dozi ya sita haikuondoka. Nilikuwa natembea kama nimevaa soksi za pamba nene hata nikiwa peku. Vifungo vya blauzi vikanishinda, nikahamia magauni. Niliona ni sehemu ya mzigo, na mzigo haulalamikiwi nusu ya safari.

Kati ya dozi ya nane na ya tisa nilishuka kwenye chumba cha kufulia nguo, chini kabisa ya jengo, na kapu langu. Nikafua, nikapanda lifti, nikatembea korido yetu yote, nikaingia ndani, nikakunja nguo. Hodi ikapigwa. Alikuwa yule jirani Mpakistani, ameshika ndala moja ya bluu. Aliikuta kwenye lifti. Alinyoosha kidole miguuni kwangu kwa heshima, nami nikatazama, na kweli, mguu mmoja umevaa na mwingine haujavaa, na mimi sikuwa na habari nao.

Jumapili nikaisimulia kwa Atupele. Nilikuwa nimeipamba vizuri, na jirani nimemwiga na sauti. Atupele alicheka mpaka akafuta macho. Shemeji akachukua simu.

"Shemeji," akasema, "ulipoteza kiatu na mguu haukujua?"

"Haukujua."

"Daktari anajua?"

"Hajaniuliza."

"Hospitali hawakuulizi unajisikiaje?"

"Wananiuliza kila mara."

"Unawajibu nini?"

"Nzuri," nikasema.

Aliweka kisu cha mkate mezani. Akaniambia kwamba mtu asiyesikia miguu hawezi kutembea kwenye mizizi ya miti, na kwamba ikiharibika kabisa hairudi, na kwamba yeye amesoma. Halafu akasema jambo lililonikata maini. Alisema, "Atupele amekwisha kununua fimbo zako."

Ndipo nikaogopa kwa mara ya pili, na safari hii ilikuwa kwa miguu yangu. Nilijiona nimepona, nimesafiri, nimefika pale kwenye mti wa kwanza wenye mstari wa njano, na siwezi kuendelea.

Tukafanya mazoezi, shemeji na mimi, kwa video. Yeye akawa muuguzi. Aliuliza, "Unajisikiaje?" Nikajibu nzuri. Hapana, akasema. Tena. Nikajibu nzuri kidogo. Hapana. Nikamwambia hiyo ya kumrushia mtu "vibaya" usoni kabla hajakaa sawasawa ni ukosefu wa malezi. Akasema kwao mtu akikuuliza hali anataka kujua hali, na ili kunionyesha mfano akaniambia nimuulize yeye. Nikamuuliza kama hajambo. Akaanza na goti la kulia, akaenda kwenye usingizi, akaenda kwenye choo, siku ngapi na namna gani, mpaka nikafunika uso kwa kanga, kwa maana huyo ni mume wa mdogo wangu na kuna mambo shemeji hapaswi kuyajua. Atupele kule nyuma alikuwa amelala sakafuni kwa kicheko.

Siku ya dozi ya tisa theluji ilikuwa imefika magotini. Bi. Yvonne alikaa, akafungua kompyuta, akauliza. Na mdomo wangu, baada ya mazoezi yote yale, ukasema, "Nzuri." Baba Neema akaunga mkono, tunamshukuru Mungu. Bi. Yvonne akaanza kuandika.

"Samahani," nikamwambia, "nimekosea. Ni vibaya."

Baba Neema alinigeukia kana kwamba nimevua nguo. Bi. Yvonne akaacha kuandika, akasogeza kiti.

Nikamwambia miguu. Nikamwambia vifungo, ndala, jirani. Na nilipoanza sikuweza kukoma, yalitoka kama maji ya mfereji uliozibuliwa: mdomo wenye vidonda, kucha, usingizi, jinsi ninavyolia bafuni ili Neema asisikie, supu ya ndizi. Hapo kwenye supu Baba Neema alisema "Aa!" lakini Bi. Yvonne alimnyamazisha kwa mkono. Nilipomaliza, aliuliza kwa upole yameanza lini hayo. Nikamwambia tangu kabla ya Krismasi. Akauliza kwa nini sikusema. Nikamwambia nilikuwa nangoja aniulize habari za nyumbani.

Daktari akaitwa. Akaja na chuma kama uma wa meno mawili kinachotetemeka, akaniambia nifumbe macho, atakigusisha kwenye vidole vya miguu, niseme nikikisikia. Nikafumba, nikasubiri, nikasubiri sana. Nilipochoka nikamuuliza ataanza lini. Akasema amekwisha kumaliza miguu yote miwili.

Akaiondoa dawa ile ya kisirani siku hiyohiyo. Dawa nyingine ningeendelea nazo mpaka dozi ya kumi na mbili. Alisema kazi kubwa imeshafanyika, na kwamba miguu inaweza kurudi, au kurudi nusu, na haikosi kuchukua mwaka. Nilimuuliza kama Oktoba ni mwaka. Akasema Oktoba ni Oktoba.

Ndani ya gari Baba Neema akasema dozi haiachwi katikati. Sisi tumekua na malaria, na kila ukuta wa zahanati uliandikwa umalize dozi hata ukijisikia nafuu. Kwake yeye dozi ni kama kiapo. Akaniuliza ni lini Mjerumani wa mabomba amekuwa daktari. Nikamwambia yeye ameniona navaa magauni miezi miwili hakuuliza vifungo vimekwenda wapi. Halikuwa jambo la haki, maana hata mimi nilimwambia nzuri. Alinikalia kimya siku nne, akipika supu ileile kwa hasira. Siku ya tano aliniambia, akiwa anaosha sufuria na amenipa mgongo, "Mimi naogopa ikirudi. Ningependa uwe kiwete, lakini uwepo."

Nilikwenda nikamshika kiuno hapo hapo kwenye sinki. Hatukuwa watu wa namna hiyo. Kisha nikamwambia nataka kuwepo na miguu yangu pia, kama inawezekana. Tangu siku hiyo tulitembea korido ya ghorofa ya kumi na moja kila jioni, yeye amenishika kiwiko, kwenda na kurudi, kati ya milango inayonukia dengu, kitunguu na sabuni. Majirani walidhani tumepata mapenzi mapya. Sikuwasahihisha.

Dozi ya kumi na mbili iliisha wakati barafu inayeyuka. Mei nilishuka bondeni kwa mara ya kwanza na kijiti mkononi, na Julai picha zikaonyesha utumbo uko safi. Ganzi ilipungua kama theluji ya Machi inavyopungua, leo imekwenda, kesho imerudi. Kisigino kikaanza kuwaka moto, na Bi. Yvonne aliponiambia kwamba kuwaka ni dalili njema nilimshukuru Mungu kwa kuungua. Usiku ule wa kwanza niliposikia shuka kwenye nyayo nilimwamsha Baba Neema kumwambia. Alisema vizuri, akalala tena.

Oktoba nikapanda ndege.

Atupele alinishika pale uwanjani mikono miwili mabegani, akanitazama juu mpaka chini. Hakuna aliyelia, hakuna aliyefunga kanga kiunoni, na kwa dakika nzima hatukujua tufanye nini na mikono yetu. Shemeji akatuokoa kwa kuuliza choo changu kikoje.

Alikuwa ametupangia nusu ya njia tu, mpaka kwenye gati dogo la mbao ambako angetungoja na gari. Alitupeleka mpaka mti wa kwanza, akaonyesha mstari wake wa njano kwa fahari, akatuacha. Tukaingia msituni, mimi na fimbo zangu mbili, sasa nimekuwa mmoja wao. Majani yalikuwa mekundu na yameloa. Nilitazama kila mzizi kabla ya kuukanyaga. Wazee walitupita, wakatupa salamu ya neno moja, wakaendelea zao bila kungoja jibu. Atupele alizungumza bila kupumzika, juu ya mama, juu ya kaka, juu ya mahindi ya kuchoma tuliyoiba kwa mchungaji. Kila niliposimama naye alisimama, na kila nilipomuuliza yeye anaendeleaje alisema nzuri.

Kabla ya kufika gatini kuna mahali msitu unafunguka na ziwa linakuja mpaka kwenye mchanga. Nilimwambia nimechoka. Tukakaa kwenye gogo. Nikavua buti, nikavua soksi, nikaingia majini mpaka vifundoni, kwa sababu nilitaka kujua.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Niliyaona maji juu ya miguu kama mtu anavyoona maji ya jirani. Kisha yakaanza pembeni, kwenye kisigino, yakapanda, yakashika wayo. Hayakuwa pini wala shoti. Yalikuwa maji tu.

"Dada," Atupele aliita kutoka kwenye gogo, "unajisikiaje?"

"Kidole kikubwa cha kushoto bado hakipo," nikamwambia. "Kisigino kinawaka. Mgongo umechoka, na maji haya yana baridi ya ajabu."

"Unaisikia baridi?"

"Naisikia, Atu. Ni baridi mno."

Hakufungua hata kamba. Aliingia na mabuti yake na soksi zake na suruali yake nzuri, akaja akanishika mkono kwa nguvu.

"Nilinunua gauni jeusi," akasema. "Ile Julai walipokupasua. Nililinunua kabisa, dada. Liko kabatini, halijatolewa hata lebo."

Nikamuuliza kama linampendeza. Akasema linampendeza sana, huku analia, na mimi nikacheka, naye akacheka na machozi yake. Tulisimama hivyo muda mrefu tumeshikana, mpaka mimi nikaomba tutoke, maana miguu yangu ilikuwa inaganda.